Meno ya Bosi

Siku ya soko hapa Tukuyu, ukisema usubiri mvua iishe ndipo utoke, utalala njaa. Esnath alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa amekaa kwenye tope na ndoo zake tatu za parachichi, buti za mpira miguuni, sweta la kaka yake mwilini, kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Pembeni yake kulikuwa na kikapu kilichofunikwa kanga, na kanga ile ilikuwa inapanda na kushuka, maana ndani mlikuwa na kiumbe kinachopumua.

Hatua kumi kutoka hapo, chini ya turubai, fundi Hafidhi alikuwa amepanga stuli zake mpya. Kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi hata siku za mvua. Alikuwa anamsifia mteja uzuri wa mninga aliposikia krr, krr, krr chini ya miguu yake.

"Dada! Wewe dada wa parachichi! Mbwa wako anakula biashara yangu!"

Esnath aligeuka. Kikapu kilikuwa kimelala ubavu. Kitoto cha mbwa, cha rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala, kilikuwa kimekumbatia mguu wa stuli na kuutafuna kwa raha zake zote. Fundi naye alikuwa ameruka juu ya boksi la misumari, mikono hewani.

"Jamani fundi, umeogopa kambwa haka?"

"Siogopi. Mchukue tu, tafadhali. Taratibu. Mate yake yasinifikie."

"Eh! Mate yake yana sumu?"

"Dada, mchukue kwanza, tutagombana baadaye."

Wanawake wa ndizi walicheka. Esnath alimnyakua mbwa, naye akaanza kutafuna kifungo cha sweta. "Anaitwa Bosi," alisema. "Nisamehe fundi. Meno yanamtoka. Nyumbani amekula kila kitu, nikimwacha huko nakuta maafa."

"Si umgawe?"

"Siwezi. Ni wa marehemu kaka yangu. Hezron, aliyekuwa anaendesha bodaboda stendi."

Hafidhi alishuka kwenye boksi. Uso wake ulibadilika. "Hezron wa kule chini ya mtaa wetu wa Bagamoyo? Aliyegongwa na lori mwezi uliopita?"

"Ndiye huyo."

"Pole sana dada. Jeneza lake nilitengeneza mimi."

Wakatazamana. Mvua ilikuwa inapiga turubai.

Sasa nikwambie ukweli wa mbwa huyu, usije ukadhani nakusimulia mchezo. Hezron alimleta Bosi nyumbani akiwa mdogo wa kuingia kwenye kofia. Wiki tatu baadaye Hezron akafa. Mama yao, mama Elina, alirudi kutoka makaburini akakaa kwenye kitanda cha mwanawe akakataa kula. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Hakulia pia. Alikaa tu anatazama ukuta. Siku ya tano Bosi alipanda kitandani akadokoa ndizi kwenye sahani yake, na mama akasema, "Wewe mwizi, ngoja basi." Akala kijiko kimoja, akampa mbwa kimoja. Tangu hapo ndivyo alivyokula: kimoja chake, kimoja cha Bosi. Mbwa asipokuwepo, sahani inarudi jikoni ilivyo.

Kwa hiyo mbwa akiondoka, mama naye anaondoka. Esnath alilijua hilo na hakuwa na wa kumwambia.

Na mbwa alikuwa njiani kuondoka. Baba mdogo Amoni, aliyekuwa analima chai kule Nkunga, alikuja na wazee wenzake kuzungumza mambo ya msiba. Akakalia kiti cha marehemu kaka yake, yaani baba yake Esnath, kiti ambacho hakuna mwingine anayekikalia. Mguu mmoja Bosi alikuwa ameula hadi umebaki kama kalamu. Mzee akaanguka chali mbele za watu. Alipoinuka hakumfokea mtu. Alisema kwa sauti ya chini, "Alikuja mbwa huyu, wiki ya tatu akaondoka mtoto. Sasa anakula kiti cha baba yenu. Akitafuna kitu kingine kimoja tu humu ndani, namchukua mwenyewe, nakwenda kummaliza."

Hayo yote Esnath alimweleza fundi pale sokoni, huku anamfunga Bosi kwenye kanga. Kwa nini alimweleza mtu asiyemjua? Labda kwa sababu ndiye aliyempima kaka yake kwa mara ya mwisho.

"Nipe namba yako," alisema Hafidhi. "Nitamuuliza bwana mifugo. Na hicho kiti kilete, nitakirekebisha."

"Unataka namba ya mbwa au yangu?"

"Mbwa ana simu?"

Esnath alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake.

*

Simu ya kwanza iliingia kesho yake asubuhi.

"Esnath, habari ya Bosi?"

"Bosi hajambo. Mimi je, huniulizi?"

"Wewe nakuulizia mwisho ili niongee zaidi. Sikiliza, paka pilipili kwenye miguu ya viti. Akilamba mara moja, harudii."

Akapaka pilipili kichaa. Bosi alilamba, akapiga chafya, akahamia mguu wa meza. Lakini mama Elina, aliyekuwa amekaa mkekani, alishika mguu wa kiti kimoja ili ainuke, kisha akajifuta uso. Macho yakawaka moto. Akaanza kutoa machozi, akasema "pilipili, pilipili," na machozi yakaendelea hata pilipili ilipokwisha, akalia kwa sauti, akamwita Hezron kwa jina, akalia mpaka kanga ikalowa. Yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu mazishi.

"Pilipili yako imemliza mama," Esnath alimwambia Hafidhi kwenye simu.

"Astaghfirullah! Nisamehe sana."

"Usiombe msamaha. Amelala sasa. Ndaga fijo, fundi. Asante sana."

Ushauri wa pili ulitoka kwa bwana mifugo, na huo ulifaa. Mbwa mchanga anatafuna kwa sababu ufizi unamuuma. Lowesha kitambaa, kisokote kama kamba, kigandishe, mpe atafune, maumivu yanapoa. Akishika kiti usimpige wala usimnyang'anye tu. Mtoe kwenye kiti, halafu mpe cha kwake.

Friji la kugandisha nyumbani kwa akina Esnath halikuwepo. Bimdogo, mama yake Hafidhi, alikuwa nalo dukani kwake Bagamoyo, ua mmoja na karakana ya mwanawe, amelijaza samaki na juisi za ukwaju. Hafidhi alichana shuka kuukuu la pamba, akasokota vipande, akaviweka kwenye kopo la siagi kwenye kona ya friji, na mama yake hakuulizwa. Kila alasiri Esnath alipita uani, akakaa kwenye benchi nyuma ya karakana, Bosi miguuni pake, akapewa kitambaa kimoja kilichoganda kama mwiko.

"Na cha jana nikurudishie?"

"Kiache huko huko. Shuka ni kubwa."

"Unanidekeza, fundi."

"Namdekeza Bosi. Wewe zamu yako bado."

"Zamu yangu lini?"

"Ukivua hicho cheusi kichwani." Kisha akaona amevuka mpaka, akainama kwenye randa yake. "Nisamehe. Nilikuwa natania."

"Nitakivua siku moja," alisema Esnath polepole.

Wiki zilikwenda hivyo. Kiti cha baba kilipata mguu mpya. Mama alianza kutoka hadi barazani. Hafidhi alipiga simu asubuhi, mchana, na tena mchana kwa kisingizio cha kuuliza kama alipiga asubuhi. Alimwita Esi. Yeye alimwita fundi wangu, halafu siku moja akamwita mpenzi kwa bahati mbaya akakata simu, na hakupokea tena mpaka kesho yake.

Ila kulikuwa na jambo moja Hafidhi hakulisema, na hapo ndipo ninapomlaumu. Mate ya mbwa kwao ni najisi. Kitu yakikigusa, huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Ndiyo maana kitambaa kilichotafunwa hakikurudi. Ndiyo maana hakumgusa Bosi hata siku moja. Angesema tu! Lakini aliogopa: nikimwambia, ataona nawaonea kinyaa. Akanyamaza, akajiona ana busara.

Na Esnath ni mtoto wa mama Elina, amelelewa asirudishe chombo cha watu kikiwa kichafu wala asile cha watu bila kurudisha. Vitambaa vyote alikuwa amevitunza. Alivifua kwa sabuni, akavianika, akavipiga pasi ya mkaa, akavikunja kumi na vinne. Siku Hafidhi alipokwenda Lupepo kupeleka kitanda cha mteja, Esnath alipita dukani, akaona Bimdogo yuko mbele na wateja, akasema nisimsumbue. Akavilowesha, akavisokota, akafungua friji mwenyewe, akavipanga vizuri juu ya samaki.

"Nani huyo?" Bimdogo alikuwa amesimama mlangoni, baibui limefungwa kiunoni, miwani puani.

"Shikamoo mama. Ni mimi Esnath. Nimerudisha vitambaa."

"Marahaba. Vitambaa gani mwanangu?"

"Vya mbwa, mama. Anavyotafuna. Nimevifua vizuri sana."

Bimdogo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa juu ya gunia la mchele, akafunga macho, akasema, "Nenda nyumbani mwanangu. Nenda tu."

Esnath aliondoka bila kuelewa kosa lake. Alifika nyumbani, akakaa, ikamkereketa, akarudi kuomba radhi. Kwenye uzio wa karakana akasimama. Uani samaki wote walikuwa kwenye ndoo ya takataka na juisi zote zimemwagwa. Friji lilikuwa wazi. Na Hafidhi, aliyekuwa amesharudi kutoka Lupepo, suruali imekunjwa magotini, alikuwa anasugua benchi. Benchi lile, alipokaa yeye kila alasiri. Akapaka udongo, akasugua, akamwaga maji, akahesabu kwa sauti: mbili. Tatu. Nne.

Hakusubiri tano. Alishuka barabarani, na mvua ikaanza. Hakujua kwamba Bosi alikuwa amelilamba benchi lile kila siku. Alichoona ni mwanamume anayemwita Esi akiosha mahali alipokalia, na anahesabu.

Simu iliita jioni. Mara moja tu aliipokea.

"Esi, naomba nikueleze—"

"Umemaliza kuosha? Umefika ngapi?"

"Uliona?"

"Niliona. Ungeniambia kwamba ninakuchafua, ningekaa chini."

"Si wewe, wallahi! Ni—"

Akakata. Akaizuia namba yake. Usiku hakula, na hakutaka mama ajue sababu.

*

Bila barafu, Bosi alirudi kazini. Magego yalikuwa yanachomoza, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Esnath alimpa mfupa, akampa karoti, akamfunga kamba akala kamba. Wiki mbili alimlinda kama moto. Ijumaa moja alitoka kwenda kuchota maji, dakika tano tu, na aliporudi mguu wa kitanda cha Hezron ulikuwa umechanwa hadi mti mweupe unaonekana. Na kwenye kiti cha baba alikuwa amekaa baba mdogo Amoni, kofia magotini, anautazama.

"Baba mdogo, nitautengeneza."

"Kitanda cha marehemu," alisema Amoni. "Nilisema, mwanangu. Mimi sipendi. Lakini nilisema."

Alimfunga Bosi kamba ya katani shingoni. Mama Elina alijiinua kitandani. Alikuwa mwepesi siku zile, mifupa na kitenge. Akafika mlangoni ameshika ukuta. "Amoni, niachie huyo. Niachie tu huyo."

"Shemeji, huyu ndiye anayekumaliza."

Akatoka, panga kwapani, akishika njia ya korongoni. Mama akakaa kizingitini. Akasema, "Haya," neno moja, kwa sauti ile ile ya siku za ukuta, na Esnath akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Hakuweza kumwacha mama. Hakuweza kumwacha mbwa. Akatoa simu, akafungua namba aliyoifunga.

"Hafidhi, baba mdogo anampeleka Bosi korongoni. Anamuua. Mama amekaa chini."

"Njia ya kwenye chai?"

"Ndiyo."

Simu ikakatika.

Hafidhi alikuwa njiani kwenda msikitini. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia mpya, amejifukiza udi. Aligeuka akakimbia. Waliomwona wakati ule wanasema alipita stendi pindo la kanzu amelishika mkononi, viatu hana, na hakujibu salamu ya mtu. Aliteleza mara mbili kwenye tope la shamba la chai. Alimkuta mzee Amoni chini kabisa, ukingoni, amemfunga Bosi kwenye mti, panga mkononi, amesimama. Alikuwa analia, mzee wa watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Hafidhi, fundi wa Bagamoyo. Mwanenu Hezron nilimpima mimi. Naomba usinifanye nimpime na mama yake."

"Mbwa huyu alileta kifo."

"Kifo kililetwa na lori, baba. Mbwa analeta vijiko. Mama anakula kwa sababu yake. Hujamwona anavyokula?"

Amoni alijifuta machozi. Hafidhi alipiga magoti kwenye maji, akafungua kamba, akamnyanyua Bosi aliyelowa tope na mate, akamkumbatia kifuani juu ya kanzu. Mbwa akamlamba shingo, kidevu, masikio, mpaka kofia ikaanguka.

"Wewe si Mwislamu?" aliuliza mzee. "Huyo si amekuharibu?"

"Nitanawa, baba. Maji yapo. Wewe ukishamuua, utanawa na nini?"

Mzee Amoni alilitazama panga lake kwa muda mrefu. Kisha akalitupa korongoni, akatangulia njia.

Mama Elina alikuwa bado kizingitini. Hafidhi alimweka Bosi mapajani mwake. Mama alimshika masikio yote mawili, lililosimama na lililolala, akasema, "Mwizi wangu." Halafu akamgeukia bintiye. "Kuna ndizi?"

Esnath alipakua bakuli. Alipoona kijiko cha kwanza kimeingia mdomoni mwa mama, alitoka nje. Hafidhi alikuwa kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba, kanzu ameivua, amebaki na fulana na suruali.

"Ile siku niliosha mate ya mbwa," alisema bila kugeuka. "Si wewe. Kwetu yakigusa kitu unaosha mara saba, moja kwa udongo. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Niliogopa utaona nawadharau."

"Kwa hiyo mimi niliweka mate kumi na manne kwenye samaki wa mama yako."

"Na ulikuwa umeyapiga pasi."

Hakuna aliyecheka, ingawa walikaribia. Esnath aliinama, akachota udongo mwekundu chini ya mgomba.

"Udongo wa kwetu unafaa?"

"Unafaa."

Akampaka mikononi, akampaka shingoni pale Bosi alipolamba, kisha akachukua kata akaanza kummwagia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Safari hii alihesabu mpaka saba.

*

Ningependa nikwambie mama Elina alipona. Hakupona. Alikula wiki sita, alikaa barazani, alimwita Hafidhi mwanangu, na asubuhi moja ya baridi hakuamka. Bosi alikuwa miguuni pake. Meno yake yote yalikuwa yameshaota, makubwa, meupe, na hakuwa anatafuna chochote tena. Watu walisema moyo ndio ulichoka. Esnath alijua kwamba wiki sita zile zilikuwa za kupewa, akazipokea hivyo.

Hafidhi alipima, akakata mninga, akatengeneza. Alipofika kupiga msumari wa mwisho mkono uligoma, ikabidi baba mdogo Amoni ampokee nyundo.

Esnath hakulia. Hakulia kanisani, hakulia kaburini. Siku ya tatu alikuwa amekaa ndani anatazama ukuta, kitambaa cheusi kingine kichwani, sahani mbele yake imepoa, na Hafidhi anamtazama kwa hofu kutoka mlangoni, maana alishaelezwa habari za ukuta ule.

"Esi, nimejenga kibanda," alisema. "Nyuma ya karakana. Cha mbwa. Kina mlango wake na ua wake. Si lazima unijibu leo."

"Unanioa na mbwa?"

"Ukikubali."

"Kuna kanisa, kuna msikiti, kuna mama yako, Hafidhi. Na mimi nimemzika wangu juzi."

"Najua. Ndiyo maana nimesema si leo."

Hodi ilipigwa. Bimdogo aliingia, baibui limelowa mvua, hotpoti kwapani, na mkononi beseni jipya la bati, dogo, la kijani. Hakuwa amezungumza na Esnath tangu siku ya friji. Alimpa Esnath mkono wa pole, akakaa kwenye mkeka, akaweka hotpoti mbele yake. Halafu akalisukuma beseni kando, mbali na hotpoti, karibu na mahali Bosi alipolala chini ya kiti cha baba.

"Hilo la kwake," alisema. "Ameandikiwa kula humo maisha yake yote. Lisije likachanganyika na vyombo vyangu hata siku moja."

"Vyombo vyako viko kwako, mama," alisema Esnath. "Vitachanganyika vipi?"

"Ndiyo nakwambia mapema," alijibu Bimdogo, akimfungulia hotpoti. "Sasa kula. Kimoja chako, kimoja chake."

Esnath alishika kijiko. Kikafika nusu ya njia, na hapo ndipo machozi yakaja, yote kwa pamoja, bila pilipili. Bimdogo akamvuta kichwa akakilaza begani. Bosi aliinuka, akalinusa beseni lake, akakaa kando yake akisubiri.